Hesabu ya Entebbe Yatufuata Toronto

Wenye watoto wa darasa la 11 hapa Toronto tunalijua somo la hesabu ambalo mkoa wa Ontario umelipa jina moja tu: Fanksheni. Anayetaka kusomea uhandisi chuo kikuu hupitia humo. Watoto wetu hudhani domeni na renji ni mambo ya Kanada, yasiyowahusu wazazi wao.

Mwaka 1962, Uganda ikiwa inangojea uhuru wake wa Oktoba, wanahisabati na walimu kutoka Afrika, Marekani na Uingereza walikusanyika Entebbe kuandika vitabu vipya vya hesabu kwa shule za Kiafrika zilizofundisha kwa Kiingereza. Badala ya riba na faida tu, mwanafunzi alikutana na seti, maduara na mishale. Kenya ilikaa na "hesabu mpya" hadi mwaka 1981, Rais Moi alipoamuru iondolewe. Tanzania, uhusiano na fanksheni vilibaki kwa miaka mingi katika hesabu ya kidato cha tatu. Lakini sekondari zetu zilifundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo tuliondoka na wazo bila maneno ya kulisimulia nyumbani. Hilo ndilo linalotugharimu leo mezani, mtoto anapouliza.

Na wazo lenyewe ni jepesi kuliko jina lake. Chora maduara mawili. Kushoto weka watu, kulia wanawake, kisha toa mshale kutoka kwa kila mtu hadi kwa mama aliyemzaa (tunasema aliyemzaa, maana kwetu mama wakubwa na mama wadogo wangeijaza karatasi). Kila mtu ana mshale mmoja, hakuna aliyekosa wala aliye na miwili. Hiyo ni fanksheni. Watu wa kushoto ndio domeni. Wanawake waliofikiwa na mshale ndio renji, na asiyefikiwa hayumo. Ndugu wawili kumwelekea mama mmoja si kosa. Sasa geuza mishale: mama wa watoto watatu anatoa mitatu. Undugu upo, uhusiano upo, ila fanksheni hakuna tena.

Mwaka 1748 Leonhard Euler aliielezea fanksheni kama fomula. Mwaka 1837 Mjerumani Dirichlet aliifungua kamba hiyo: fomula si sharti, mradi kila kianzio kina jibu lake moja. Kwa maoni yetu hapo ndipo hesabu ilipoingia katika maisha ya watu wa kawaida.

Tazameni saa. Ukipewa saa ya Kiswahili unaongeza sita, na ikizidi kumi na mbili unaondoa kumi na mbili. Saa nane mchana ikawa mbili ya Kiingereza. Jibu ni moja daima, na unaweza kurudi ulikotoka. Lakini saa nane hiyo ya Nairobi ni saa ngapi Toronto? Kiangazi ni saa moja asubuhi, majira ya baridi ni saa kumi na mbili alfajiri, kwa sababu Toronto husogeza saa zake na Kenya haisogezi. Kianzio kimoja, majibu mawili: si fanksheni. Ongeza tarehe kwenye kianzio, nayo inakuwa fanksheni. Mtoto aliyewahi kuamshwa na simu ya bibi yake Januari atalielewa hilo kabla hajafungua kitabu.