Uchache wa Kanuni na Mamlaka ya Mwamuzi katika Michezo ya Mezani ya Uigizaji

Michezo ya mezani ya uigizaji yenye kanuni chache hudhaniwa kuwa ya jamii moja, kana kwamba uchache wenyewe ni sifa inayotosha kuiainisha. Historia haikubaliani na dhana hiyo. Linalopaswa kuulizwa ni hili: kanuni ikiondolewa, uamuzi uliokuwa ukifanywa na kanuni hiyo hukabidhiwa nani?

Swali hilo ni kongwe kuliko michezo yenyewe. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha mwongozo wa mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, ambapo matokeo ya mapigano yalipatikana kwa dadu na majedwali. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza zana hizo ziachwe na hukumu itolewe na mwamuzi kwa uzoefu wake wa kijeshi. Kanuni zilipungua, cheo cha mwamuzi kikapanda. Mkondo huohuo unaonekana katika Amber Diceless ya Erick Wujcik (1991), isiyotumia dadu kabisa. Wachezaji hushindania sifa za wahusika kwa mnada, lakini mwendeshaji ndiye apimaye iwapo mazingira yanabatilisha ubora wa aliyeshinda mnada.

Tunnels & Trolls ya Ken St. Andre (1975) ni nyepesi kwa namna nyingine, na wepesi wake haujapewa uzito unaostahili. Iliandikwa Arizona kama jibu kwa Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, na ilitosheka na dadu za kawaida za pande 6. Katika pambano, kila upande hujumlisha dadu zake zote, na tofauti ya majumlisho huwa ndiyo madhara kwa walioshindwa. Hesabu hiyo haimhitaji mwamuzi. Ndiyo maana Buffalo Castle ya Rick Loomis (1976) iliweza kuchezwa na mtu mmoja, peke yake, akiwa na kitabu tu. Mchezo wa Verdy usingewezekana hivyo: mwamuzi akiondoka, hubaki ramani.

Lasers & Feelings ya John Harper (2013), inayoenea katika ukurasa mmoja, inautatiza mgawanyo huu. Mhusika ana namba moja tu, kati ya 2 na 5. Dadu ikitoa namba ileile, mchezaji hupata haki ya kumuuliza mwendeshaji swali, naye hulazimika kujibu kwa ukweli. Katika kanuni chache mno zilizobakizwa, mojawapo imewekwa kumbana mwamuzi mwenyewe.