Kinjeketile: Shujaa au Tapeli?

Nilipokuwa kidato cha tatu tuliigiza Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Mimi nilipewa nafasi ya askari. Baada ya onyesho mwalimu akatuuliza: "Huyu mtu ni shujaa au tapeli?" Nikanyoosha mkono haraka haraka: "Tapeli! Maji hayazuii risasi." Wenzangu wakacheka, nami nikajiona mjanja.

Leo nataka kulifuta jibu lile.

Tuanze na historia. Kinjeketile Ngwale alikuwa mganga wa Ngarambe, karibu na mto Rufiji. Mwaka 1904 ilisemekana amepagawa na mzimu Hongo, akaanza kugawa dawa ya maji. Watu wakamiminika kwake, maana Mjerumani alikwisha kuwachosha kwa kodi, viboko na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba. Maji yale yakawaunganisha watu wa makabila mbalimbali. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete wakang'oa pamba, vita vikaanza.

Tarehe 4 Agosti Kinjeketile akanyongwa Mohoro. Wazee walisimulia kwamba kabla ya kufa alisema hajali, dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Kweli ilifika. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliivamia boma ya Mahenge, na bombomu zikawafyeka kama majani.

Kumbe basi, Kinjeketile wa historia hakuyaona maafa yale. Alikufa vita vikiwa vichanga. Hussein ndiye aliyemwacha aishi hadi kushindwa, na mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa.

Huyu wa jukwaani anaanza kuyatilia shaka maneno yake mwenyewe. Anajaribu kuwazuia watu wasikimbilie vita, lakini wao wamekwisha kuamini. Mwishoni yumo kifungoni, anatakiwa atamke tu kwamba maji ni uongo. Anakataa. Anajua akikubali, kesho Mjerumani atawaambia watoto kwamba baba zao walikosea kupigana.

Hapo ndipo nilipouona ujasiri wake. Mtu mwenye imani kamili kufa si ajabu. Huyu anakufa na shaka moyoni, bila kuwatupia lawama waliomwamini.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Vita vilikwisha mwaka 1907. Wajerumani walichoma vijiji na maghala, njaa ikamaliza waliosalimika risasi. Wao wenyewe walikadiria vifo 75,000. Wapo wanahistoria wanaofikia hata 300,000. Mama aliyemzika mwanawe kwa njaa tungemwambia nini kuhusu heshima ya Kinjeketile? Mimi sina jibu, wala tamthiliya haikunipa.

Ninachojua ni kwamba alikosea, kisha akakubali kubeba uzito wa kosa lake. Tapeli hafanyi hivyo. Tapeli angekana maji, akaenda zake nyumbani.

Wenzangu mnaoota kuandika kama mimi, jambo hili linatuhusu. Nina daftari tatu za riwaya chini ya kitanda, na zamani niliwaza sifa tu. Siku hizi najiuliza: akitokea mtu akaniamini, nitasimama naye? Maana maji yakimwagika hayazoleki.