Kumhamisha au Kumwacha? Watoto Wazito wa Kujifunza katika Madarasa ya Kifaransa, Kanada

Septemba 1965, huko St. Lambert karibu na Montreal, lilifunguliwa darasa la chekechea la watoto 26 waliozungumza Kiingereza kwao. Mwalimu aliwafundisha kwa Kifaransa. Wazazi ndio walioshinikiza jambo hilo, kwani Quebec ilikuwa inabadilika na asiyejua Kifaransa angeachwa nyuma. Mwaka 1972 Wallace Lambert na Richard Tucker wa Chuo Kikuu cha McGill walichapisha matokeo: Kiingereza cha watoto hao hakikudhoofika.

Lakini je, mtoto ambaye hata lugha ya nyumbani inamtatiza? Katika miaka ya 1970, Ronald Trites wa Ottawa alishauri kwamba baadhi ya waliokuwa wakishindwa wahamishiwe madarasa ya Kiingereza. Ushauri huo ulitekelezeka kirahisi: shule ilipungukiwa na mzigo, na mzazi alijiona amemwokoa mwanawe.

Margaret Bruck, naye wa Montreal, aliuliza swali ambalo kwa maoni yangu lingetangulia: akihamishwa, tatizo linakwisha? Aliwalinganisha watoto wenye udhaifu wa lugha waliosoma kwa Kifaransa na wenzao wenye udhaifu kama huo waliosoma kwa Kiingereza. Katika Kiingereza na masomo mengine hawakupishana sana. Udhaifu ulikuwa palepale, ila wale wa kwanza walikuwa wamepata na Kifaransa kidogo. Baadaye alionyesha kwamba hata waliohamishwa waliendelea kutatizika. Walichokosa ni msaada wa kusoma, ambao mara nyingi ulitolewa upande wa Kiingereza tu.

Nimesikia utafiti huu ukitajwa hapa Uganda kutetea Kiingereza tangu chekechea. Hapo tunakosea. Mtoto wa St. Lambert aliruhusiwa kumjibu mwalimu kwa Kiingereza mwanzoni, naye mwalimu akamwelewa. Alianza kukisoma darasa la pili. Tena kilikuwa lugha yenye nguvu katika nchi yake. Lugha ya kwao haikuguswa. Mtaala wetu wa 2007 unataka lugha ya eneo itumike darasa la kwanza hadi la tatu, ilhali shule nyingi za mijini huanza na Kiingereza. Mtoto wa Kiganda au Kiacholi anayechelewa kusoma humo hupimwa kwa Kiingereza hichohicho, na mzazi hushauriwa aache kuzungumza naye lugha ya nyumbani.