Taifa Lisilofunga Midomo

Semeni "baba", kisha semeni "mama". Mmeona? Katika kila neno midomo imefungana mara mbili. Sisi twadhani kila mtu duniani ayaweza maneno hayo. Kumbe walikuwako watu ambao lugha yao haikuwa na p, wala b, wala m, wala f, wala v.

Ndio Wahuron, wenyewe wakijiita Wendat, waliokaa Kanada karibu na ziwa kubwa liitwalo Huron. Padri Jean de Brébeuf, Myezuiti, alifika kwao mwaka 1626, akakaa nao, akajifunza lugha yao. Katekisimu aliyoigeuza katika Kihuron ilipigwa chapa mwaka 1632 pamoja na kitabu cha safari za Champlain. Katika taarifa yake ya mwaka 1636 aliandika kwamba watu hao hawana kabisa herufi zinazotaka midomo. Lakini hakungoja wazipate ndipo awafundishe.

Baadaye askari mmoja Mfaransa, Baron de Lahontan, alijaribu njia nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1703 asimulia kwamba alitumia siku nne akiwafundisha Wahuron kutamka herufi hizo, wakashindwa. Badala ya "bon" walisema "ouon". Akaona kwamba hata miaka kumi isingetosha.

Je, midomo yao ilikuwa na kilema? Hapana. Walikula, walicheka, walivuta kiko kama watu wengine. Mtoto hushika sauti anazozisikia kwa mamaye. Asizozisikia, kinywa chake hakizizoei. Wajukuu wa watu hao, huko Wendake karibu na Québec, leo wasema Kifaransa, na "bon" haiwashindi hata kidogo. Na Lahontan mwenyewe? Kihuron kina sauti ya h tele. Mfaransa huiandika h, lakini haitamki. Kila lugha ina pengo lake, ila mtu huona upesi lile la jirani.

Wamohoki, ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kihuron, humwita Maria "Wari". Katika taifa hilo Kateri Tekakwitha alibatizwa mwaka 1676, na Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu mwaka 2012. Kukosa m hakukumzuilia njia.

Basi, tusimcheke kanisani mwenzetu anayebadili r na l, wala tusimkawishe ubatizo kwa sababu hiyo. Sisi wa Kongo wengi wetu twasema "zambi" pale watu wa pwani wanaposema "dhambi". Lakini toba ni ile ile.