Kutoka Sunderland hadi Mnyama

Ukifika Mtowisa, chini ya milima ya Lyambalyamfipa mkoani Rukwa, ukauliza habari za Mnyama, hakuna atakayekuelekeza porini. Utapewa matokeo ya mechi ya juzi, na lawama za mwamuzi juu yake.

Mnyama huyo, yaani klabu ya Simba, hakuzaliwa simba. Mwaka 1936, mwaka mmoja baada ya Young Africans, yaani Yanga, kuasisiwa, vijana wa Dar es Salaam waliunda timu iliyoitwa Queens. Sababu za kuachana na wenzao wa Yanga husimuliwa kwa namna nyingi, nyingine afadhali ziishie barazani. Baadaye ikaitwa Eagles, kisha Sunderland, jina la klabu ya Uingereza ya jezi za milia nyekundu na nyeupe, iliyotwaa ubingwa wa kwao mwaka huohuo wa 1936. Wekundu huo haujaondoka Msimbazi, mtaa wa makao ya klabu, hadi leo.

Waasisi wale tuwape heshima yao. Sunderland ya Dar ndiyo iliyobeba ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa, mwaka 1965, na 1966 ikautetea. Mabao matano ya Yanga ya Juni 1968 hayana nafasi katika makala ya sherehe.

Lakini katika nchi iliyokwisha kutangaza Azimio la Arusha, jina la kuazima Uingereza lilianza kupwaya. Simulizi inayopendwa kuliko zote Msimbazi humtaja Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, kuwa ndiye aliyewashauri viongozi watafute jina la nyumbani. Mwaka 1971 Sunderland ikawa Simba. Uteuzi ulikuwa wa busara: jina lilikuja na nembo yake, lakabu yake na mngurumo wake, bila kumlipa mchoraji wa kubuni kitu kipya.

Cha kufurahisha, Sunderland ya Uingereza nayo iliingia katika ukoo huohuo. Mwaka 2000 mashabiki wake walipiga kura wakachagua kuitwa Paka Weusi. Msimbazi walikuwa wametangulia kwa miaka 29, tena kwa paka mkubwa zaidi.

Jina jipya lilikuwa na nyota. Ubingwa ulikuja 1973, nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika 1974, kisha ubingwa mara tano mfululizo, 1976 hadi 1980. Katikati yake ipo Julai 19, 1977: Simba 6, Yanga 0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu. Deni la 1968 lililipwa pamoja na riba.

Yaliyofuata ni mengi: fainali ya Kombe la CAF 1993, kuwavua ubingwa Zamalek 2003, mataji manne mfululizo ya ligi hadi 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2025. Oktoba 2020 Mnyama alipanda Ufipa, na katika Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, Tanzania Prisons walimpokea kwa bao moja. Wenyeji ni wakarimu, ila siku hiyo walisahau.

Matawi ya mashabiki ya Rukwa yanayojiandaa kwa Simba Day, tamasha la klabu, yawaite wazee walioishangilia timu hii ikiitwa Sunderland, wasimulie, na vijana waandike.