Tamponi: Anayeanza aanzie ndogo

MSICHANA anayesimama mbele ya rafu ya duka la dawa akitafuta tamponi kwa mara ya kwanza aghalabu huchagua kwa kufikiria umbo au umri wake. Hapo ndipo makosa huanzia. Ukubwa unaoandikwa kwenye pakiti hauhusiani na umbile la mwili, wala na iwapo mtumiaji amewahi kujifungua. Huonyesha tu kiasi cha damu kinachoweza kufyonzwa.

Tamponi ni kifundo kidogo cha pamba au rayoni iliyoshindiliwa, ambacho huingizwa ukeni wakati wa hedhi, uzi wa kukivutia ukibaki nje. Sodo hupokea damu iliyokwisha kutoka. Tamponi huinasa ingali ndani, ndiyo maana waogeleaji na wanariadha huipenda. Ile yenye kibomba cha kusukumia ilibuniwa na daktari Mmarekani, Earle Haas, aliyepata hataza mwaka wa 1933.

Nchini Marekani viwango vya ufyonzaji vimewekwa kisheria. Iliyoandikwa 'Light' hufyonza gramu 6 au chini ya hapo, 'Regular' gramu 6 hadi 9, na 'Super' gramu 9 hadi 12; zipo pia zinazofika gramu 18. Pakiti nyingi kutoka Ulaya hutumia michoro ya matone: kadiri yanavyozidi ndivyo ufyonzaji unavyoongezeka.

Anayeanza achukue ndogo kabisa, na aijaribu siku ambayo damu inatoka vyema, kwani uke mkavu hukwaruzika. Ikilowa yote kabla ya saa 4, apande daraja moja. Ikitolewa baada ya muda huo ingali na sehemu nyeupe, kavu, basi ashuke. Si ajabu mtu mmoja kuhitaji aina mbili katika hedhi moja.

Wako wanaonunua kubwa ili ikae kutwa nzima. Huo ni ubanaji matumizi wenye hatari. Mwaka wa 1980, mamia ya wanawake nchini Marekani waliugua maradhi yajulikanayo kama TSS, na baadhi yao wakafariki. Tamponi za Rely, zilizofyonza damu nyingi mno, ziliondolewa madukani Septemba mwaka huo. Maradhi hayo husababishwa na sumu ya bakteria, na ni nadra sana, lakini huua upesi. Homa kali ya ghafla, kutapika, kuhara, kizunguzungu na vipele vinavyofanana na ngozi iliyochomwa na jua ni dalili za kumfanya mtumiaji aitoe tamponi mara moja na kukimbilia hospitalini. Kwa hivyo tamponi hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 8, na kamwe isipitishe saa 8.

Kuhusu kibomba, wengi wanaoanza huona chenye plastiki laini kuwa chepesi kuingiza kuliko cha karatasi ngumu. Isiyo na kibomba husukumwa kwa kidole, nayo huchukua nafasi ndogo mkobani, ila yataka mikono iliyooshwa kwa sabuni; kwa mwanafunzi ambaye mfereji wa shule uko mbali na choo, hilo si jambo dogo. Yenye manukato haifai, kwani huweza kuwasha.

Mwelekeo ni kuelekea kiunoni kwa nyuma, si juu moja kwa moja. Ikihisiwa wakati wa kutembea, haijafika ndani vya kutosha. Haiwezi kupotea tumboni, maana tundu la mlango wa kizazi ni dogo mno.

Kinachowatia wazazi wengi wasiwasi ni ubikira. Kizinda ni utando unaonyumbuka, na kwa kawaida huwa na uwazi ambamo damu ya hedhi hupitia. Tamponi yaweza kuutanua, pengine hata kuuchana kidogo, lakini ubikira huondolewa na tendo la ndoa, si na pamba. Mama anayelijua hilo humwondolea bintiye hofu kubwa.

Iliyotumika hufungwa kwenye karatasi na kutupwa pipani, si ndani ya choo cha maji, kwani huziba mabomba. Na kwa usiku wa usingizi unaozidi saa 8, sodo ingali chaguo bora.