Mafuta

Ukiitisha mafuta dukani Kawangware utaulizwa: ya kupima au ya taa? Roketi nayo ina yake. Ile Scout iliyorusha setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ilichoma mafuta yabisi yaliyochanganywa na kemikali yenye oksijeni. Hapo neno linafaa.

Kwa roketi za nyuklia linakwama. Urani inapasha hidrojeni joto kali bila kuiwasha, nayo ikifyatuka nyuma inasukuma chombo mbele. Injini za nyuklia za NERVA, zilizojaribiwa Nevada miaka ya 1960, zilipata msukumo karibu maradufu kwa kila kilo kuliko roketi zinazochoma mafuta. Hidrojeni hiyo haichomwi, basi mafuta ya nini? Mimi ningeiita kisukumio.